Shimo Nyuma ya Nyumba ya Rosa

Jericho, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka yale mafuta niliyokuletea, au umeshampa paka? Sisi tu wazima sasa, na hilo neno "sasa" ndilo limenikalisha chini niandike.

Tuliporudi mjini kutoka huko kijijini baada ya Krismasi tulikaa vizuri kidogo, halafu Evans akaanza kutetemeka. "Mathe, naskia baridi mbaya," akaniambia, na jua linawaka nje. Kesho yake Lilian naye akashikwa. Majirani wakasema ni taifodi, ni maji ya mfereji, maana hapa malaria si ugonjwa wa kila siku. Mama, niliogopa. Lilian alifika mahali akawa hanijui, mimi niliyemzaa. Niliomba mpaka maneno yakaniishia.

Kliniki tulimpata nesi mmoja mnene, mwenye utani mwingi. Alipowapima damu akasema ni malaria, kisha akaniuliza, "Huko ushago walilala nyumba gani?"

Nikashangaa. Nikamwambia wanangu wengine, Dorcas na mdogo wake, walilala nami kwa nyanya yao. Evans na Lilian walilala kwa Rosa, mjane wa ndugu yangu.

"Na hao wa kwa nyanya wako fiti?"

"Wako fiti."

"Basi ni hiyo nyumba, mama. Huko kwenu juu mbu si wengi, lakini hao wachache wana nyumba zao. Wanazaliwa hapo karibu, wanauma wale wale, wanaambukiza wale wale kila mwaka. Jirani wa juu hata hajui homa. Hakuna maji yamesimama hapo?"

Mimi na wewe tunalijua lile shimo.

Watoto walimeza ile dawa chungu, ikamwasha Evans mwili akajikuna usiku kucha, wakapona. Ndipo barua yako ikafika. Unasema wazee watakutana kwako Jumapili baada ya ibada, Rosa arudishwe kwao, kwa sababu homa haitoki nyumbani kwake, ameshazika mtoto, na watu wanasema ana mkosi. Unasema nawe umechoka kumtetea. Nililia, mama, tena kwa hasira. Mkosi gani? Shimo liko nyuma ya nyumba yake, limejaa maji, na kati ya ukuta wake na paa hata kuku anapita. Wewe uko kule juu, nyumba ya matofali, madirisha yana wavu. Mbu akufikie na nini?

Na matofali hayo yalitoka wapi? Marehemu ndugu yangu Japheth aliyafyatua kwa udongo wa shimo hilo hilo, akisema mama yake hatazeekea kwenye nyumba ya nyasi. Rosa alikuwa na mimba, na ndiye aliyebeba maji ya kukandia udongo. Ulimbariki mbele yetu sote. Shimo ni letu, ila yeye ndiye anayeishi nalo.

Basi wazee wakija Jumapili, waje na majembe walifukie. Na watoto wa Rosa wapelekwe wapimwe wote, hata wasio na homa. Nesi amesema damu inaweza kuwa na malaria na mtoto bado anacheza.

Mama mmoja wa kanisa letu anasafiri Ijumaa, nimempa neti kubwa akuletee. Ni ya Rosa. Lakini usimkabidhi tu mkononi. Shuka mwenyewe, na hilo goti lako, ukaifunge juu ya kitanda chake wazee wakiwa uani. Wakuone ukiingia.

Nisalimie pasta, na shangazi Marita mpika chai ya kanisa, mwambie chai ya hapa ni maji ya moto tu. Mwambie Rosa kwamba Lilian anamuulizia kila asubuhi, anataka kurudi kulala kwake. Nimemwahidi kwamba Agosti atamkuta.

Usinifanye mwongo, mama.

Ni mimi binti yako,
Rebeka