Kivuli cha Ukuta wa Kusini

Ghardaia, majira ya baridi yakiisha

Kaka yangu mpendwa Baelhadj,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya wifi yangu Bayya na watoto, na duka lako huko Oran lisikose wateja. Sisi huku tu wazima. Tende zilikuwa chache mwaka huu lakini tamu, nami nimekuwekea akiba. Mama anakusalimu. Nitamrudia baadaye, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya barua hii, yeye na azma yako ya kuiuza nyumba yetu ya zamani iliyo chini ya msikiti.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza kama mtaa unaweza kuuponya mji huku ukimdhulumu mtu mmoja aliyemo ndani yake. Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa na jibu tayari. Siku hizi sina hakika hata kama swali lenyewe nililiuliza sawasawa.

Mtaa mpya unaujua: ulikuja mwenyewe kubeba mawe siku za kazi ya pamoja, ukalalamikia mgongo kuliko wazee. Tuliujenga juu ya kilima kikavu ili usikatwe mtende hata mmoja. Nilichora vichochoro vyembamba, vyenye kujipinda, na nyumba zinazoegemeana zisichomwe na jua kila upande. Kiangazi kilichopita mashine nyingi za kupozea hewa zilibaki zimefunikwa vitambaa. Maji ya kuogea husafishwa yakamwagilia miti, na visima vya bondeni, vilivyokuwa vikishuka kila mwaka, vimetulia. Wageni walikuja kutoka mji mkuu, Aljeri, wakanisifu. Nilizisikia sifa zile kama mtu asikiaye jirani akisifiwa nyuma ya ukuta.

Pampu ya maji hayo huendeshwa na umeme wa jua. Kila nyumba ingewekewa paneli zake darini, lakini mimi ndiye niliyekataa. Darini ndiko waliko wanawake wetu: ndiko wanakoanika, wanakolala kiangazi, wanakoitana. Fundi akipanda kufuta vumbi kwenye paneli za nyumba moja, angeyaona madari ya mtaa mzima. Wazee waliafiki, na jirani yetu Lalla Shasha akatangaza kwamba hatimaye amepatikana msomi anayejua kuwa nywele nazo zinataka kupigwa na upepo. Basi tukazikusanya paneli zote juu ya ukuta mmoja mrefu, upande wa kusini wa kichochoro cha mwisho. Kivuli chake nilikipima kwa jua la kiangazi, maana joto ndilo adui niliyefundishwa kupigana naye. Nyumba aliyopewa Mama iko nyuma ya ukuta huo. Baridi ilipoingia na jua likaanza kupita chini, ua wake ulikaa kivulini kutwa nzima.

Sheria ya mababu unaijua: mtu asijenge akamnyima jirani jua. Aliyenyimwa akilalamika, ukuta hushushwa, uwe wa yeyote yule. Lakini lazima aseme mwenyewe, wala hakuna wa kumsemea, na baridi ya kwanza ikipita akiwa kimya, haki yake imekwisha. Nasi ukuta ule ukishushwa, pampu inasimama, miti inakauka, na tunarudi kuvinyonya visima.

Mzee Hammou, mwamuzi wa mambo ya kuta, alikuja. Alisimama uani amejikunyata ndani ya joho lake, Mama akiwa nyuma ya pazia, akamwuliza kama ana neno. Mama akamjibu kwamba ana chai, na karanga pia zipo. Alipoulizwa tena, alisema kuwa anayetetemeka ni mzee mwenyewe, labda yeye ndiye mwenye neno. Mzee alicheka, akanywa chai, akaondoka.

Tangu siku ile Mama alitoka kila asubuhi na sufu yake, akilifuata jua katika nyua za watu. Alipiga hodi na kuuliza, “Leo ni zamu ya nani kunilisha jua?” Lalla Shasha alimjibu, “Ingia, bibi harusi, lako nimelikunja pale pembeni! Binti yako kalifunga kwenye waya, mama mtu unazunguka kuombaomba!” Wakacheka wote. Kitanda cha kufumia mazulia, hata hivyo, hakibebeki, na vidole vyake haviwezi kufuma kwenye baridi. Ndiyo maana zulia la harusi ya binti yako halijafika. Mimi nilikisikia kicheko chao nikiwa darini, nisihisi uchungu wala aibu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Sasa nikuambie nisilokuambia kwenye simu. Juma lililopita wazee walitangaza kuwa baridi imekwisha, na haki ya Mama ikaisha nayo. Jioni ile ile alifunga mizigo yake, akaniomba ufunguo wa nyumba ya zamani. Ndiko aliko sasa. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba alikuwa akingoja tu muda upite. “Ningehama mapema, Hammou angesema nimeshitaki. Kuhama nako ni kusema, mwanangu.”

Kwa hiyo nakusihi, Kaka, umrudishie mnunuzi neno lake. Ua wa nyumba ile hupata jua hata katikati ya baridi, na Mama hana pengine pa kwenda.

Kama alinyamaza kwa ajili ya visima, alichagua kama mkazi yeyote mwenye akili, na sina haki ya kumsikitikia. Kama alinyamaza kwa ajili yangu, ili isisemwe kuwa mama ameiangusha kazi ya mwanawe, basi sijui nimejenga nini. Siwezi kumwuliza. Atanipa jibu litakaloniwezesha kulala, nami nitalala.

Nisalimie Bayya, uwabusu watoto, na Mungu akuzidishie riziki ya halali. Nangoja neno lako kuhusu nyumba.

Ni mimi dada yako,
Menna