Habari Zimfikie Seif, Popote Alipo

Ndugu yangu Seif,

Inasikitisha kutangaza kifo cha birika la umeme la Bi Mwana wa Thornton Heath, London, lililofariki leo asubuhi baada ya kuugua kwa muda mrefu maradhi ya chokaa ya maji ya bomba. Mazishi yamekwishafanyika, kwenye pipa la taka la kaunsili, bila ya matanga. Habari ziwafikie Bi Zuhura wa Ilford, binamu wa mfiwa, Rahma binti wa mfiwa aliyeko kazini hospitali, sufuria ndogo ambayo sasa imebebeshwa majukumu ya marehemu, na Seif aliyeko Marekani, popote alipo.

Nimetangaza hivyo jikoni, peke yangu, kwa ile sauti yako ya puani. Kisha nikasimama kidogo, kama mtu anayengoja kuchekwa.

Unakumbuka wewe ndiye uliyeanza. Redio ikisoma vifo, nyumba nzima inanyamaza, hata jiko linanyamaza, kwa sababu lazima isikilizwe nani kafa na habari ziwafikie akina nani. Nawe ukakaa barazani na bakuli la bati mdomoni, ukatangaza kifo cha ndara yangu ya kushoto, "iliyofariki ghafla njiani kwenda chuo cha Kurani. Habari ziifikie ndara ya kulia, ambayo imebaki mjane." Bibi alikuwa uani. Alisikia "kufariki" na "mjane" tu, akatoka na kanga kichwani, machozi tayari, anauliza maziko saa ngapi. Alipoambiwa ni ndara, alikaa chini akacheka mpaka akakohoa, kisha akakuvuta sikio.

"Tangaza, tangaza," alikwambia. "Iko siku utatafutwa wewe, na wa kukutangaza asionekane."

Wazee wa zamani walikuwa na tabia mbaya ya kusema mambo ya kweli wakati watu wanacheka.

Halafu yakaja Mapinduzi, nayo sina haja ya kukusimulia. Ninalolikumbuka mimi ni dogo: yule bwana aliyekuja baadaye na kalamu yake kuandika vyumba. Vyumba vingapi, choo kiko wapi, wanalala watu wangapi. Mama akasimama mlangoni. Vyumba alimtajia, maana vyumba havina roho. Watu akakataa. Nyumba yetu watu hawakuhesabiwa, hata kuku wenye vifaranga hawakuhesabiwa, jicho la husuda lisije likajua pa kuanzia.

"Bi Mkubwa, niandike wangapi?"

"Andika waja wa Mungu."

"Waja wa Mungu wangapi?"

"Mungu anawajua."

Yule bwana akatutazama sisi tuliokuwa nyuma ya Mama, midomo inamcheza kwa kuhesabu. Nawe, na ndevu zako mbili za kwanza, ukampita mlangoni ukamwambia, "Mimi usinitie humo, mimi natoka." Sote tulidhani unakwenda dukani. Hukuwa umesema uongo, ulichelewa tu kutufafanulia.

Mimi nikaishia London, nikafua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapoteza alama. Wewe ukaishia katika mji ambao hata Wamarekani niliowauliza hawaujui. Ulikwenda kwa kazi ya kiwanda cha kuku, ukasema utakaa mpaka baridi ipite. Ukamwoa mwanamke wa hapo, Mungu amrehemu, ukanunua nyumba ya mbao yenye varanda, ukazeeka. Kila Idi ulipiga simu wewe, si mimi, kwa sababu ulitaka uwe wa kwanza kugombana.

"Nyie huko mwezi mmeuona?"

"Tumefuata tangazo."

"Tangazo si mwezi. Mimi nimetoka nje nimeutazama kwa macho yangu. Huku mimi ndiye kadhi, mimi ndiye muadhini, na maamuma wa kusali nyuma ni mimi pia. Hakuna hitilafu hata kidogo."

Sasa zimepita Idi mbili bila ya ugomvi. Nambari yako, nikiipiga, inajibu sauti ya mwanamke asiye na haraka, ananambia haitumiki. Kadi niliyotuma haikujibiwa wala haikurudi. Kuja siwezi. Daktari amenikataza ndege kwa ajili ya moyo, na Rahma akimsikia daktari anakuwa polisi wake.

Rahma ndiye aliyepiga simu ofisi ya mji wenu. Alimpata bibi mmoja mpole sana. Alisikiliza yote, akasikitika yote, akasema habari za mtu mmoja mmoja hawatoi kwa simu, ila habari za mji, sensa ya watu na nyumba zao, zipo kwenye mtandao, zimepangwa vizuri, karibuni. Nimemuulizia mtu mmoja, Seif, nikapewa mji mzima.

Basi nimeusoma. Sikusoma shule ya kutosha kwa ajili ya majedwali, lakini mtu aliyejifundisha Kiingereza kwa kusoma maandishi ya sabuni hashindwi na jedwali. Naujua mji wako sasa kuliko mtaa wangu. Ni watu wachache, nadhani harusi ya Zuhura ilikuwa na wengi zaidi. Wazee wamewapita watoto. Walio wengi wanakaa katika nyumba zao wenyewe, si za kupanga, nami hapo nikajivuna kwa niaba yako. Nyumba nyingi zimejengwa zamani na zina vyumba vitatu vya kulala, na wanaolala humo mara nyingi ni wawili, au mmoja. Hicho chumba cha tatu sijui kinangoja nini. Sisi kwetu tungekijaza kabla ya magharibi.

Kisha nikafika pa rangi na asili. Wanaanza weupe, safu kubwa, halafu watu wanapungua mstari kwa mstari kama supu inayoongezwa maji, mpaka chini kabisa kuna "mengineyo". Hapo nilikuona. Umri wako wote umekuwa mtu wa mengineyo. Kwetu ulipoulizwa kabila ulisema inategemea anayeuliza ameshika nini.

Na kuna pahala pameandikwa kwamba wapo wachache sana ambao nyumbani kwao huzungumza lugha isiyokuwa Kiingereza wala Kihispania. Nikaweka kidole hapo. Nikamwita Rahma.

"Mjomba wako huyu hapa."

Rahma hunijibu kwa Kiingereza, lakini neno lake nitaliandika kwa Kiswahili asije akasema siku moja kwamba hakulisema. Alitazama kidole changu, akasema taratibu, "Mama, si ulisema anaishi peke yake?"

"Ndiyo."

"Basi nyumbani hicho Kiswahili anazungumza na nani?"

Nikamwambia hamjui mjomba wake. Lakini lile swali halijanitoka. Naliona ninapopanga sahani.

Sasa nikueleze shida niliyonayo, maana ndiyo iliyoniandikisha barua hii. Zuhura anataka tukusomee hitma. Alikuja kutoka Ilford na mkate wa ufuta umefungwa kwenye taulo, akakaa, akanywa chai. Birika lilikuwa bado hai. Zuhura akivua viatu ujue ana neno.

"Mwana, mtu mzima hanyamazi Idi mbili."

"Seif anaweza. Alininunia mwaka mzima kwa kitumbua kimoja."

"Alikuwa mtoto."

"Kitumbua kilikuwa cha jana."

Hakucheka. Akasema, "Tumsomee. Kama yuko hai, haitamdhuru."

"Aliye hai hasomewi hitma, Zuhura. Ni kumpelekea mtu sanda kwa posta."

"Na kama kafa? Kafia kwenye mji usio na hata mtu wa kumwelekeza kibla? Anatungoja sisi, nasi tunakunywa chai?"

Hapo ndipo nilipomletea jedwali. Nilimwonesha pahala pa nyumba: zenye watu ni nyingi, zilizo tupu ni chache.

"Na yake?"

"Yake ina mtu."

"Jedwali limesema?"

"Jedwali halijakataa."

Zuhura akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama Mama miaka ile hatujui uliko, alipokuwa akiweka sahani yako kila Idi. Kisha akavaa viatu. Amesema Jumapili ijayo anakuja na wasomaji, akina mama sita na mwalimu wao, na mimi kama dada mkubwa niseme ndiyo au hapana. Bila ya idhini yangu hawafungui juzuu. Nikisema ndiyo na uko hai, nimekuzika kwa mkono wangu. Nikisema hapana nawe umekwishatangulia, nimekunyima haki yako, na hakuna mwengine wa kukupa. Hakuna safu ya tatu, Seif. Nimeitafuta.

Nafikiri sana juu ya Mama na yule bwana wa vyumba. Mama alificha hesabu yetu ili tuwe hai. Na mimi mwanawe nimekaa na miwani, naomba Mungu kwamba mtu alikuja na kalamu mlangoni kwako, akabisha, nawe ukafungua ukakubali kuhesabiwa. Hata kama ulimjibu ujeuri. Hasa kama ulimjibu ujeuri. Jina lako sitaki. Nataka tu uwe mmoja katika wale wachache.

Barua hii naiandika wazi kwa sababu anwani yako haijibu. Nitaitoa kwa kila anayetaka kuisoma, hapa na huko. Labda yuko mtu mwenye shemeji, mwenye jirani, mwenye dereva wa malori aliyepita mji wenu akaona mzee mwembamba amesimama nje anabishana na mwezi. Tangazo la vifo halikuwa na njia nyingine isipokuwa hiyo: lisemwe hewani, na aliyekusudiwa alisikie, au jirani alisikie kwa niaba yake. Sitakuuliza kwa nini ulinyamaza. Ukitaka kununa, nuna, lakini uninunie nikisikia.

Mpaka Jumapili simpi Zuhura jawabu. Nimeufuta vumbi msahafu, nimenunua tende, na nimeiacha simu mezani ikitazama juu. Ukipiga, usiulize mwezi. Nitakubali uliouona wewe.

Kaa salama, ikiwa umekaa.

Dadako mkubwa,
Mwana

Nyongeza. Nilikuwa nimekwishafunga, Rahma akarudi kutoka kazini. Ameisoma barua, kisha akalifungua jedwali akalisoma mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo miwani yangu haifiki. Hesabu zile zilichukuliwa kabla ya Idi uliyopiga simu mara ya mwisho, wakati ambao hata bila ya jedwali nilijua uko hai.