Punje Zilizowaka

Mbeya, 11 Februari 2024

Mayu, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje? Na Nyanzala, bado anaamka akiniita, au ameshazoea kulala kwako? Mimi nilifika salama. Mvua ilitupiga kutoka Mpanda hadi Sumbawanga, basi likakwama mara mbili kwenye tope, lakini tulifika.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaishia kwenye salamu. Nakusalimia Mayu kama mama yangu mzazi, unaniuliza nimeamkaje, mimi mkweo naona aibu kuendelea, salio linakata. Kwenye karatasi aibu inapungua kidogo. Hii nampa kondakta wa basi, ataiacha kwa Fabiani wa duka la pembejeo pale stendi ya Mpanda.

Siku naondoka uliniuliza, "Mama Nyanzala, hicho unachokwenda kusomea ni nini hasa?" Nikajibu ni umeme, maana hata mimi nilikuwa sijui niseme nini. Si umeme, Mayu. Ni mwanga. Tunafundishwa kuufanyisha mwanga kazi. Kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ndizo zinapitisha intaneti chini ya ardhi, na tunajifunza kuziunganisha zikikatika. Kuna taa na kamera zinazoona vitu ambavyo jicho letu halivioni. Serikali inatulipia ada na chakula, kampuni moja ya nje imeleta mashine na walimu wawili, chuo kimetoa vyumba. Tuko ishirini na wawili, wanawake sita. Wengi wana digrii. Mimi na fomu foo yangu na cheti cha ufundi redio nakaa mbele kabisa nisipitwe na neno.

Mwalimu wetu mkuu anaitwa Madamu Fausta. Hacheki ovyo. Siku ya kwanza niliunganisha uzi mara kumi na moja, ukakataa. Mara ya kumi na mbili ukashika. Nikamwangalia nikitegemea pongezi. Akasema, "Rudia."

Shemeji Manyanda alisema mjane hamwachi mtoto wa miaka minne akaenda kukaa darasani. Wewe ndiye ulisema niende. Nakumbuka kila asubuhi.

Mkamwana wako,
Monika


Kasokola, 5 Machi 2024

Mama Nyanzala, marahaba.

Mgongo upo palepale, haupungui wala hauongezeki. Mtoto mzima. Wiki ya kwanza alikuwa anakaa mlangoni anakusubiri, sasa ameacha, anafukuza kuku. Akilala ananipiga mateke ya mbavu kama marehemu baba yake alipokuwa mdogo.

Naandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la nne, herufi zangu zinalala ubavu, usicheke.

Ile habari ya kioo kama unywele nilimsomea Manyanda. Akasema, "Mama, hao wamemdanganya." Nikamwambia, "Basi na wewe nenda wakakudanganye, urudi na cheti."

Usiniambie sana habari ya kukuruhusu. Ulimuuguza mwanangu Malale miezi saba. Ulimgeuza, ulimwosha, hukuwahi kunung'unika mbele yangu. Ningekuzuia kwa mdomo gani?

Mahindi yanakwenda vizuri. Mvua imezidi lakini yamesimama.

Mama mkwe wako,
Kija


Mbeya, 20 Mei 2024

Mayu, shikamoo.

Nimefurahi kusikia kwa Fabiani kwamba mmeanza kuvuna. Nani anakusaidia kubeba? Nakuomba usiinue gunia.

Tumemaliza nyuzi za kioo, nimefaulu. Sasa tumegawanywa, mimi nimewekwa kundi la mazao. Kuna ukungu unaingia kwenye mahindi na karanga, unaacha sumu inaitwa sumukuvu. Haina harufu, haina ladha, na ukipika haitoki. Mashine yetu inamulika punje kwa taa ya zambarau. Yenye ukungu huo inawaka kijani, na kamera inaihesabu. Si kila inayowaka ina sumu, kwa hiyo zikionekana tunazipeleka maabara kuhakikisha.

Lakini kuna shida. Fedha za Serikali ni za mwaka mmoja. Awamu ya pili, ile ya kupeleka mashine mikoani na kufundisha watu huko huko, Serikali na kampuni watasaini tu wakiona imefanya kazi kwa mahindi ya wakulima. Na katika mikoa inayotajwa, Katavi haimo. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini. Madamu Fausta akasema, "Hatuna sampuli hata moja ya kwenu. Lete."

Kwa hiyo nakuomba, Mayu. Debe moja tu la mahindi mnayokula nyumbani. Usichague mazuri. Chota kama unavyochota ya kusaga.

Mkamwana wako,
Monika


Kasokola, 8 Juni 2024

Mama Nyanzala,

Sisi wazima, hofu kwako na hiyo baridi ya Mbeya.

Nimekutumia madebe mawili, maana debe moja ni aibu. Moja la mwaka jana, lile la kwenye kihenge tunalosaga sasa, na moja la mwaka huu. Sikuchagua. Mahindi yangu hayana haja ya kuchaguliwa, Kasokola nzima wanajua mkono wangu. Mtoto amekaa juu ya gunia wakati nashona, anasema anakwenda nalo.

Waonyeshe hao wenzako wenye digrii.

Mama mkwe wako,
Kija


Mbeya, 2 Julai 2024

Mayu, shikamoo sana.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikachana. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Mahindi ya mwaka huu yana punje chache, ukiyachambua na kuyakausha vizuri yanafaa. Ya mwaka jana ni mabaya. Tulipozima taa za chumba na kuwasha ile ya zambarau, trei nzima iliwaka. Wenzangu walisema "duh", kisha wakakumbuka yametoka kwangu, wakawasha taa za chumba. Maabara wamepima mara mbili. Sumu imezidi kiwango kinachoruhusiwa, tena kwa mbali.

Msiyale tena, Mayu. Hata kuku usiwape. Mtoto zaidi. Kwa basi la kesho natuma unga kilo ishirini na tano, uliopimwa.

Si kosa la mtu. Ni mvua, ni kukausha chini, ni kihenge kuvuta unyevu. Nisamehe kwa kukuambia.

Mkamwana wako,
Monika


Mbeya, 11 Agosti 2024

Mayu, shikamoo.

Wiki ya sita sasa sijapata neno. Simu yako haipatikani. Nilimpigia shemeji Manyanda, akaniambia, "Mama yupo shamba," na jua lilikuwa limeshazama. Kisha akasema nimeiita nyumba yake nyumba ya sumu, na kwamba nikimaliza kusoma nitafute kwa kwenda, mtoto atabaki kwenye ukoo wake.

Sikusema hivyo. Kama nilikosea kukuambia, nikosoe wewe, nitakubali. Lakini niambie tu Nyanzala anakula nini.

Monika


Kasokola, 15 Septemba 2024

Mama Nyanzala,

Mtoto mzima. Anakula unga wako. Kwanza niliurudisha stendi, nikamwambia Fabiani akupe utakapokuja. Kesho yake nikaufuata mwenyewe, kwa ajili ya mtoto.

Simu niliizima. Sikuwa na hasira na wewe. Manyanda ndiye mwenye hasira, mimi nilimwacha aseme maana sikuwa na nguvu ya kujibu mtu.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati yetu, Imakulata. Nikamuuliza hiyo sumu inafanya nini kwa mtu. Akasema ikizoeleka miaka mingi inaharibu ini. Nikamuuliza ini likiharibika mtu anakuwaje. Akasema tumbo linajaa maji, macho yanakuwa njano. Akaona uso wangu akanivutia kiti.

Monika, Malale alikuwa na macho ya njano. Tumbo lake wewe ndiye ulikuwa unalipaka mafuta.

Mahindi yale yalikuwa yangu. Nilikausha mimi, nilihifadhi mimi. Tangu ananyonya hadi anaoa alikula mkononi mwangu. Hata alipougua nilikuwa namwambia, kula baba, kula upate nguvu. Nilimlisha kwa kijiko.

Hiyo taa yenu, iulize. Ni mimi?

Kija


Mbeya, 19 Septemba 2024

Mama yangu,

Barua yako imefika leo mchana. Niliisomea nje ya maabara, nikakaa chini kwenye majani. Madamu Fausta akaja akakaa na mimi. Nikampa asome. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Mwambie ukweli wote, usimpunguzie na usimwongezee." Ndicho ninachofanya.

Taa haijui. Inaonyesha ukungu kwenye punje, haionyeshi miaka thelathini ya mtu. Daktari alituambia mimi na Malale kwamba ini huharibiwa na mambo mengi, na kwamba yeye alikuwa pia na virusi vya homa ya ini. Wewe hatukukuambia, Malale alikataa, hakutaka ubebe jina la ugonjwa usioujua. Vyote viwili vikikutana ni vibaya zaidi. Labda mahindi yalichangia. Siwezi kuapa kwamba hayakuchangia, na nikikudanganya utajua.

Lakini sikiliza na hili. Miaka saba ya ndoa yangu aliyesonga ugali nyumba ile ni mimi. Kihenge kile nilichota mimi. Ukiwa wewe ndiye, basi na mimi ndiye. Na mama yako, na bibi yako, na kila mwanamke wa Kasokola aliyeanika mahindi uani akamlisha mtoto kwa upendo. Hakuna aliyetuambia. Hiyo sumu haionekani, Mama. Hata hawa wenye digrii wameiona baada ya kuwasha taa iliyotoka ng'ambo.

Ulimwambia kula baba upate nguvu. Nilikuwepo. Alikuwa anakula kwa sababu ni wewe unayemlisha. Mimi nilikuwa nikimpa anageuza uso.

Nimelia nimemaliza. Na wewe lia umalize, halafu uwashe simu.

Mwanao,
Monika


Kasokola, 24 Novemba 2024

Mwanangu Monika,

Hujambo? Sisi wazima. Mvua zimeanza.

Nilichukua muda, lakini nilisimama. Mahindi ya mwaka jana nimeyafukia yote, nyuma ya zizi, shimo refu. Manyanda alikuja akaniambia, "Mama, unazika chakula?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba mtoto ni wa mama yake, na mama yake nyumba yake ni hii, asiseme tena. Akachukua koleo akanisaidia kufukia.

Jumapili baada ya ibada niliomba nafasi. Nikawaambia akina mama, mahindi yangu mnayoyasifia yamepimwa yana sumu. Nikawaambia na habari ya Malale, kwamba sijui, na sitajua. Mama mmoja, Joséline, mumewe alikufa kama Malale, alitoka nje akarudi. Akasema, "Na yangu yapimwe."

Sasa ninayo makopo arobaini na moja ya mahindi, kila moja na jina la mwenyewe. Wengine wametoka hata kata ya Misunkumilo. Namkabidhi kondakta leo. Mwambie Madamu Fausta asiseme tena hana sampuli ya kwetu.

Simu nimewasha.

Mama yako,
Kija


Mbeya, 20 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Asante kwa Krismasi ile. Nyanzala amekuwa mrefu, alinionea haya nusu siku nzima!

Wamesaini. Makopo yenu arobaini na moja yalipimwa moja moja, na ripoti ilikwenda wizarani na kwa kampuni. Awamu ya pili ina mikoa mitatu, na Katavi imo. Serikali italipa mishahara na turubai za kukaushia, kampuni inaleta mashine mbili ndogo na vipuri, Manispaa imetoa chumba pale Mpanda. Mimi nimepangiwa huko. Ninarudi nyumbani, Mama, na ni kwa kazi.

Nitakuwa mkufunzi msaidizi. Tunatakiwa kufundisha watu kumi kutoka kata za huko, wajue kuendesha mashine na kusoma majibu. Tangazo litabandikwa kata. Elimu yoyote, mradi mtu ajue kusoma na awe anaaminika kwa wenzake. Waambie vijana wa Kasokola waombe.

Mwanao,
Monika


Kasokola, 9 Februari 2025

Mwanangu,

Mtoto anauliza kila siku kama leo ndiyo siku yenyewe. Namwambia bado.

Vijana niliwaambia, wanne wameomba. Baadaye nilikwenda ofisi ya kata mwenyewe. Karani akaniuliza, "Bibi, umekuja kumwombea mjukuu?" Nikamwambia mjukuu wangu ana miaka mitano. Andika Kija, miaka hamsini na tisa, darasa la nne. Akaniangalia. Nikakaa kwenye benchi hadi akaandika. Juzi wamebandika majina, langu ni la saba.

Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe kumi na saba nitakuwa darasani kwako.

Nimelifikiria sana hili. Kwetu mkwe hamkosoi mama mkwe mbele za watu, na wewe umelelewa vizuri, najua utanionea aibu. Nikishika mashine vibaya utanyamaza. Nikisoma namba kinyume utasema nimejitahidi. Sitaki hivyo. Yatakuwa mahindi ya watu yale, na watoto wao watayala.

Kwa hiyo nakuruhusu, na wenzangu tisa nitawaambia nimekuruhusu. Nikikosea, niambie mbele ya wote, "Rudia." Nami nitarudia.

Mama yako,
Kija