Nimenyoosha Mkono Mara Mbili

Dervla mwanangu,

Mimi mzima. Kuku wanataga. Paa la banda nimeziba.

Jumapili baada ya misa tulikutana ukumbini kuhusu kinamasi chetu. Serikali inataka tuzibe mitaro inayokikausha, maji yarudi, tusikate tena mboji, ule udongo tunaoukausha na kuuchoma kama kuni. Moshi wake unaharibu hali ya hewa, wanasema.

Cormac akasema, "Shamba la mtu ni la mtu. Wakubwa wakazuie moshi wa ndege zao kwanza."

Mwalimu Bríd akamjibu, "Hewa haina uzio, Cormac. Ukichafua wewe, tunavuta wote."

Padri akasema dunia tumeazimwa tu na Mungu.

"Basi Mwenyewe atuletee kuni, Padri," Cormac akamwambia.

Kila aliyesema, nikaona kasema kweli. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Walipouliza nani anataka kuziba, nikanyoosha mkono. Nilimfikiria mtoto wako. Walipouliza nani hataki, nikanyoosha tena. Nyumba hii haina moto mwingine.

Cormac akasema, "Malachy, mikono unayo miwili, kura unayo moja." Watu wakacheka, wakaifuta kura yangu pande zote mbili. Kura zikatoka sawa. Jumapili ijayo wananingoja mimi nichague upande.

Wewe umesoma, lakini usiniambie la kufanya. Nitakuambia jambo moja tu. Lile rundo la mboji alilopanga mama yako ukutani sijaligusa tangu afe. Baridi ikija, nakaa ndani na koti. Na bado sitaki mtu anikataze kuliwasha.

Mbusu mtoto.

Baba yako,
Malachy