Kabla Sukari Haijaganda

Kabasa, Bunda

Kaka Fahadi,

Asalaam aleikum. Mvua imeanza, na kashata zangu zinanunuliwa. Yale uliyonieleza ya chuoni nayaona kwenye sinia: sukari iliyoyeyuka haigandi ghafla, chembe zake zinapunguza mwendo mpaka zinashindwa kupishana. Nakataga hapo katikati. Nikichelewa inapasuka kama kioo.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba baba kaanguka. Kabla ya hapo alikuja jikoni akasema, "Samia, mpigie Fahadi, nimuombe radhi."

Nikamjibu, "Subiri baba, nikate kwanza, inaganda."

Nilipomaliza kukata nikamkuta chini, hawezi tena kusema. Ila anasikia, kaka. Njoo.

Zile kashata zilikatika vizuri, zote. Nashindwa kuziuza.

Mdogo wako,
Samia