Deki Aliyokamatwa Nayo Mzee Ofumbi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Prossy Nyafwono
Umri: Miaka 24
Kazi: Kuhamisha kanda za zamani za video kwenda kwenye kompyuta
Makazi: Busia, upande wa Uganda, nyumbani kwetu ni Tororo
Mbele ya: Sajini John Paul Ikiring

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeomba kuyaandika kwa mkono wangu, na Sajini Ikiring amekubali, akisema naongea haraka kuliko kalamu yake.

Mzee Ofumbi namfahamu kwa kazi. Ana baiskeli, na huvusha mizigo ya watu kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Wateja wangu wa ng'ambo humpa kanda zao za harusi na mazishi aniletee, nami nikishazigeuza kuwa faili humpa flashi awarudishie. Hajapoteza hata moja.

Mimi pia nina kanda yangu. Ilirekodiwa mwaka 1999 nyumbani kwa kina mama, siku baba alipopeleka ng'ombe wa mahari. Aliyerekodi ni mjomba, kwa kamera aliyokuja nayo kutoka Amerika. Mama yangu, Harriet, alifariki nikiwa na mwaka mmoja, na picha zake ziliungua pamoja na nyumba ya bibi. Kanda hii ndiyo mahali pekee ninapoweza kumwona.

Lakini nilikuwa sijamwona. Kanda za kwetu hurekodiwa kwa mfumo wa PAL, picha ishirini na tano kwa sekunde, kila picha mistari 625. Kamera ya mjomba ilikuwa ya NTSC, mfumo wa Amerika, wenye karibu picha thelathini kwa sekunde na mistari 525, na rangi zake hufungwa kwa namna nyingine. Deki, yaani mashine ya kuchezea kanda, inayojua PAL peke yake ikipewa kanda hiyo hutoa picha ya kijivu inayopanda bila kusimama, kama shuka inayovutwa juu. Watu huniambia niihamishe tu kwenye kompyuta, nirekebishe huko. Nimejaribu. Faili hupokea kile ambacho deki imesoma. Rangi ambayo deki haikuisoma, MP4 haiwezi kuikumbuka.

Bibi anasema siku hiyo mama alivaa gomesi ya kijani, gauni lile refu la sherehe. Shangazi anasema ilikuwa zambarau. Hubishana kila Krismasi, nami hunyamaza, kwa sababu wao angalau wana kitu cha kubishania.

Mwezi Mei mwaka huu nilivuka kwenda kwa Kevo, fundi na muuzaji wa vyombo vya umeme vya mitumba upande wa Kenya, nikajaribu kanda yangu kwenye deki yake. Ikaja picha ileile ya kijivu. Kevo alicheka, akasema, "Sista, deki yangu inajua harusi za huku Bumala tu."

Mzee Ofumbi alikuwa mlangoni akisubiri mzigo. Aliniuliza deki ninayotafuta inajulikanaje. Nilimweleza kuwa ni ya mifumo mingi, na nyuma huwa na kibandiko kilichoandikwa PAL na NTSC. Aliniomba nimwandikie herufi hizo kiganjani. Nilidhani ananitania. Baadaye niliziona zimepakwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya baiskeli yake.

Sikumtuma, wala sikumwahidi chochote. Naomba hili lisomeke vizuri. Wateja waliniambia kwamba kila nyumba aliyopeleka mzigo, aligeuza deki ya watu akatazama nyuma.

Mnamo tarehe 9 Septemba 2025 asubuhi nilipigiwa simu kwamba amekamatwa nyuma ya soko, akiwa na deki ndani ya blanketi. Nilifunga kibanda changu nikaja kituoni. Nilimkuta amekaa sakafuni bila viatu. Kevo alikuwa ameitwa pia, kwa kuwa wiki iliyotangulia duka lake lilivunjwa na deki ile niliyoijaribu ikaibwa. Aliitazama hii iliyokuwa mezani, nyeusi, kampuni ileile, ina mkwaruzo juu, akasema ni yake. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimebanduliwa, na gundi ilikuwa bado mbichi.

Sajini alimuuliza mzee kwa nini alikibandua.

"Afande, sisi wote natoa," alijibu. "Kitu iko na karatasi, forodha nasema ni mpya. Mimi natoa hata ya thermos."

Ni kweli, wabebaji wote wa mpakani hufanya hivyo ili wasitozwe ushuru. Alizitafuta herufi zile miezi yote hiyo, na alipozipata, mkono wake ukazing'oa kwa mazoea.

Alisema deki amepewa aniletee na Mwalimu Mildred, mwalimu mstaafu wa upande wa Kenya, ambaye mwanawe aliituma zamani. Tulipiga simu ya Mwalimu, haikupatikana. Jirani alisema amelazwa hospitalini.

Kevo aliniambia, wala si kwa ubaya, "Sista, deki nyeusi ni deki nyeusi. Huyu mzee alikuwa kwangu, alijua naiweka wapi."

Nilisema tunaweza kujua. Deki ya Kevo ilishashindwa na kanda yangu mbele ya macho yake. Ikiwa hii ni yake, itashindwa tena. Televisheni ya kituo ni ya kisasa, inapokea mifumo yote, kwa hiyo swali lilikuwa la deki peke yake. Kevo alikubali kwamba ikitoa rangi, si yake.

"Na ikikataa, binti," Sajini alisema, "mzee nalala hapa."

Nilikwenda kuileta kanda. Njiani niliogopa. Sikuwa na uhakika wa lolote, na kama kuna mtu angemfunga mzee yule, ni mimi na wazo langu. Niliporudi niliishika kanda kwenye mdomo wa deki bila kuisukuma. Mzee Ofumbi aliniona.

"Weka tu," alisema. "Mimi najua nilibeba nini."

Picha ilipanda mara moja, kisha ikasimama. Kwanza niliona udongo, mwekundu. Kisha migomba, kisha ng'ombe. Kisha mama alitoka nyumbani akapiga magoti kusalimia, na gomesi yake ilikuwa ya kijani. Shangazi nitamwambia polepole. Aliinua uso akamcheka mjomba aliyeshika kamera. Maisha yangu yote nimeambiwa kwamba sifanani na mtu. Mama alikuwa maji ya kunde, kama mimi.

Kevo alivua kofia, akaenda kuchukua viatu vya mzee pale kona, akamwekea miguuni. "Si yangu," alisema. "Pole, mzee."

Nawashukuru Mwalimu Mildred kwa kutoa, Kevo kwa kusema ukweli uliomgharimu, na Sajini kwa kuniazima televisheni ya kituo. Kwa Mzee Ofumbi sina neno linalotosha. Naomba aachiwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na nipo tayari kuyarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi: P. Nyafwono

Maandishi ya afisa: Shahidi ameyasoma maelezo yake na kutia sahihi mbele yangu. Alasiri Mwalimu Mildred amepatikana kwa simu na kuthibitisha kuwa deki aliitoa yeye. Mtuhumiwa ameachiwa na kurudishiwa baiskeli. Shahidi alitaka kuichukua deki hapa kituoni. Mzee Ofumbi amekataa, akisema mzigo wake haujafika, na ameifunga tena katika blanketi ili aufikishe mwenyewe kibandani kwa shahidi.

Sajini J. P. Ikiring