Je, Mkono wa Baba Unalipiwa Kodi?

Chepngeno,

"Hiyo ni mali, Baba Kimaiyo, watakudai kodi!"
"Mali gani? Si ni mkono wangu!"
"Na posho watakata!"
"Wacha kelele—"

Ndiyo chai tuliyokunywa na Mama na Baba leo ukiwa mtoni. Maziwa iko kwa sufuria. ~~Paka asiguse.~~ Paka mpe kidogo, ananiangalia vibaya.

Kesi imeisha. Kiwanda cha mbao kitamlipa Baba fidia ya ule mkono uliokatwa na msumeno. Lakini Baba husamehewa kodi na kupewa posho kwa sababu ni kilema asiye na kitu. Akipokea hizo pesa, bado hana kitu? Mama anasema akatae. Mimi, profesa wa nusu digrii, sijui! Kwa hivyo naenda Nakuru kumuuliza karani wa DC kama mkono ni mapato. Nitauliza na jino la Mama lililong'oka.

Funga kuku.

Nimerudi kuongeza hili: nilipotoka, Baba alinifuata mpaka kwa lango. Nilidhani anataka tumbaku. Akasema polepole: "Kimaiyo, sitaki kuweka dole kwa hiyo karatasi ya fidia. Nifundishe kuandika jina langu, kwa huu wa kushoto uliobaki."

Kaka yako